Forest Home ya California: Kambi, Jiwe la Kumbukumbu, na Mwalimu Aliyeianzisha

Forest Home ni kambi ya Kikristo iliyoko Forest Falls, kijiji cha milimani katika kaunti ya San Bernardino, jimbo la California, nayo imekuwa ikipokea watoto, wanafunzi wa vyuo na familia nzima tangu mwaka 1938. Hata msomaji ambaye hajawahi kulisikia jina lake huenda ameguswa na matokeo yake. Filamu ya Yesu iliyoonyeshwa kwa Kiswahili kwenye viwanja vya shule na vijiji vyetu, pamoja na mkutano wa injili ambao mhubiri wa Kimarekani Billy Graham aliufanya Moshi mwaka 1960, vyote vina historia inayopita katika vibanda vya kambi hii. Tathmini hii inahusu huduma ya kambi, lakini itakaa zaidi kwenye historia yake na watu walioiongoza, kwa kuwa mabwawa ya kuogelea na misonobari yako kila mahali katika milima ya California, ilhali historia ya namna hii ni nadra.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Los Angeles unaelekea mashariki hadi Redlands, unapita Mentone, kisha unaishika barabara kuu namba 38 inayopanda kuingia bonde la Mill Creek. Mwendo wote ni kama kilomita 130, na sehemu ya mwisho ina kona za kutosha kumchafua tumbo mtoto aliyekula njiani. Kambi iko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, yaani mahali fulani kati ya Arusha na Nairobi kwa hesabu ya hewa na baridi ya usiku, na nyuma yake umesimama mlima San Gorgonio wenye mita 3,506, mrefu kuliko yote Kusini mwa California. Anayekuja mwezi wa Julai kutoka kwenye joto la bondeni asidanganyike: sweta ni lazima. Wakati wa majira ya baridi theluji huanguka, na dereva asiyezoea anashauriwa kuwa na minyororo ya magurudumu.

Huduma zinazotolewa ni zile ambazo mtu angezitarajia kwenye kambi kubwa ya Marekani. Kuna wiki za watoto wa shule ya msingi, wiki za vijana wa sekondari, kambi za familia ambamo wazazi na watoto hukaa pamoja lakini hufundishwa kwa makundi tofauti, na makongamano ya mwishoni mwa juma ambayo makanisa huyapanga katika miezi mingine. Kuna ziwa dogo lenye jina la mwanzilishi, Lake Mears, kuna kumbi za ibada, michezo ya kamba, njia za kutembea msituni, na vibanda vya kulala vya viwango mbalimbali. Mtu aliyelelewa kwenye makongamano ya Pasaka ya UKWATA au ya KSCF, vyama vya wanafunzi Wakristo wa Tanzania na Kenya, ambako tulilala kwenye mabweni ya shule iliyofungwa, tukapanga foleni ya wali na maharage na kuoga kwa ndoo alfajiri, ataona kwamba hapa mwili unatunzwa kupita kiasi. Ratiba, hata hivyo, ataitambua mara moja: wimbo, somo, kikundi kidogo, mchezo, chakula, mahubiri, moto wa jioni.

Ratiba hiyo ilikuwa na mtu nyuma yake. Henrietta Mears alizaliwa Fargo, North Dakota, mwaka 1890, akakulia Minneapolis katika kanisa la First Baptist lililokuwa likichungwa na W. B. Riley, mmoja wa wahubiri wakali wa msimamo wa kihafidhina wa wakati ule. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Pamoja na hayo alihitimu Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1913, akafundisha kemia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na wakati huohuo akaendesha darasa la wasichana kanisani ambalo lilikua kupita matarajio ya kila mtu. Mwaka 1928 aliitwa Hollywood, katika kanisa la First Presbyterian, kuwa mkurugenzi wa elimu ya Kikristo. Alikuta shule ya Jumapili yenye wanafunzi wapatao 400. Katika muda wa takriban miaka mitatu walizidi 4,000.

Ongezeko la namna hiyo linaweza kumfanya msomaji wa kwetu akunje uso, maana tumeshazoea takwimu za wahubiri. Lakini njia yake ilikuwa ya kawaida sana, tena ya kuchosha. Aligawa madarasa kwa umri, akawaandaa walimu kabla ya kuwapa darasa, na alipoona kwamba vitabu vya masomo vilivyokuwapo havifai, alianza kuandika vyake. Inasimuliwa kwamba somo mojawapo katika vitabu hivyo liliwafundisha watoto kuwa mtume Paulo alinusurika kwenye ajali za meli kwa sababu alikuwa amekula karoti akawa na nguvu. Mwalimu wa kemia hakuweza kulivumilia jambo hilo. Akishirikiana na Esther Ellinghusen, aliandika masomo yaliyofuata mpangilio wa Biblia na umri wa mtoto, na mwaka 1933 kazi hiyo ikawa kampuni ya uchapishaji iliyoitwa Gospel Light. Mtu anayetaka kuielewa Forest Home aanzie hapo, kwenye mitaala na orodha za walimu, kabla ya kupanda mlimani.

Kufikia miaka ya 1930 Mears alikuwa akiwapeleka vijana wake kwenye kambi za kiangazi, na alitaka mahali pa kudumu ambapo angepanga mambo kwa utaratibu wake mwenyewe. Bonde la Mill Creek lilikuwa na hoteli ya mapumziko iliyokwisha kujulikana kwa jina la Forest Home. Kwa mujibu wa simulizi za wanafunzi wake, mali hiyo ilithaminiwa kwa dola 350,000, kiasi ambacho hakuna kikundi cha shule ya Jumapili kingethubutu kukitaja katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, lakini baada ya mwenye mali kufariki na dhoruba kushuka bondeni, mrithi aliingiwa na hofu akaiuza kwa dola 30,000. Wanaosimulia huliita tukio hilo jibu la maombi. Nami sina ugomvi nao, isipokuwa ningependa mgeni akumbuke pia upande wa pili wa mwaka huo. Mafuriko ya Machi 1938 yaliwaua zaidi ya watu 100 Kusini mwa California, na bei iliyoporomoka ilikuwa sehemu ya hasara ya watu wengi. Neema na msiba viliteremka katika makorongo yaleyale, na historia ya kambi hupata uzito zaidi ikisimuliwa pamoja na mafuriko hayo.

Hatari hiyo haijaondoka. Mnamo Septemba 2020 moto ulioitwa El Dorado, uliosababishwa na kifaa cha moshi kilichotumika kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto, uliteketeza miteremko ya jirani na kumuua mfanyakazi mmoja wa zimamoto. Miaka miwili baadaye, Septemba 2022, mvua kubwa ziliangukia udongo uliokwisha kuungua, na maporomoko ya matope yakaikumba Forest Falls na Oak Glen. Mzazi anayemwandikisha mtoto katika kambi yoyote ya milima hii ana haki ya kuuliza mapema mpango wa kuwahamisha watu ukoje, barabara mbadala ni ipi, na wazazi wataarifiwa kwa njia gani. Barabara ya kuingia na kutoka katika kijiji hiki ni moja.

Tuirudie historia. Katika miaka ya 1940 Mears aliligeuza eneo hilo kuwa mahali pa kuandaa viongozi, na kinachonivutia katika mbinu yake ni kwamba aliwapa vijana kazi halisi. Wanafunzi wa vyuo katika darasa lake ndio waliopanga vikao, wakachagua nyimbo, wakaongoza maombi, wakasimamia fedha, naye akikaa pembeni na kofia zake kubwa zilizojulikana mji mzima, akikosoa. Walimwita Mwalimu. Hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji wala hakudai hilo. Kanisa lake la Presbiteri lilimbariki mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji mwaka 1956 tu, alipokuwa mzee, na kwa kulinganisha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilifikia hatua hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini wanaume waliokaa miguuni pake wakisikiliza Maandiko walikwenda kushika mimbari kubwa za nchi, na hesabu inayotajwa na wengi ni kwamba vijana zaidi ya 400 waliingia katika utumishi wa kudumu kwa sababu yake.

Hapa nina manung'uniko kidogo juu ya Mwalimu mwenyewe. Aliwalenga kwa makusudi vijana wa kiume, akiamini kwamba akiwapata wao wengine watafuata, na kwa hiyo orodha ya viongozi waliotoka Forest Home, jinsi inavyosimuliwa, imejaa wanaume waliofunzwa na mwanamke. Wasichana waliofundishwa katika darasa lilelile, waliolala katika vibanda vilevile na kuendesha shule za Jumapili nchi nzima kwa miaka 40 iliyofuata, majina yao hayako kwenye jiwe lolote la kumbukumbu. Sioni kwamba hili ni kosa la kambi ya leo. Ni pengo katika namna ambavyo kizazi kile kilihesabu matunda, na mgeni makini ataliona.

Mwezi Juni 1947 watu wachache walikutana katika kibanda cha Mears kambini kuomba hadi usiku mkubwa. Miongoni mwao alikuwamo Richard Halverson, aliyekuwa amekuja Hollywood akitamani kuwa mwigizaji na ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Seneti ya Marekani kuanzia 1981 hadi 1994; Louis Evans wa pili, mtoto wa mchungaji wa kanisa lao, aliyekuja kuwa mchungaji wa kwanza wa kanisa la Bel Air; na Bill Bright, mfanyabiashara kijana wa peremende. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka miwili tu iliyopita, vyuo vilikuwa vimefurika askari waliorudi, na watu hao walitoka kwenye maombi yao wakiwa na agano la maandishi kuhusu jinsi watakavyoishi, pamoja na mpango wa mkutano wa wanafunzi wa vyuo kambini kila kiangazi. Walijiita Ushirika wa Moyo Uwakao. Jina hilo lina harufu ya ujana, lakini agano walilichukulia kwa uzito.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilileta kisa ambacho mimi hukipenda kuliko vyote vya Forest Home, ingawa hakina jiwe la kumbukumbu. Vonette Zachary, mchumba wa Bright kutoka Oklahoma, alifika kambini mwaka 1948 akiwa na shaka na dini ya mwenzake, naye alikuwa amekwisha kuwaza kuuvunja uchumba. Bright hakujaribu kumhubiria. Alimpeleka kwa Mears. Msichana huyo alikuwa amesoma kemia chuoni, na Mwalimu, ambaye kemia ilikuwa kazi yake kabla ya mengine yote, alizungumza naye kwa lugha ya maabara: ukichanganya vitu fulani kwa kipimo sahihi unapata matokeo fulani, basi yajaribu na haya. Vonette aliokoka kibandani humo, wakaoana Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1951 wawili hao wakaanzisha katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, huduma ya Campus Crusade for Christ. Kwa muda waliishi nyumba moja na Mears, na nyumba hiyo ikawa ukumbi wa mikutano ya wanafunzi.

Tawi la huduma hiyo kwetu ndilo Life Ministry, linalojulikana na kila mwanafunzi aliyepita Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Dar es Salaam na kugongewa mlango wa chumba na kijana mwenye kijitabu. Filamu ya Yesu, iliyotolewa mwaka 1979 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, ni kazi ya watu wale wale. Kwa hiyo jenereta iliyonguruma nyuma ya shuka jeupe katika kijiji cha Singida au Kitui ina uhusiano na mazungumzo ya kemia yaliyofanyika katika kibanda cha mbao chini ya mlima San Gorgonio. Naliona hilo kuwa ajabu kubwa kuliko kisa cha bei ya dola 30,000.

Sasa tufike kwenye jiwe la kumbukumbu lenyewe. Mwezi Agosti 1949 Mears alimwalika Billy Graham kuhutubia mkutano wa wanafunzi. Graham alikuwa na miaka 30, na alikuwa rais wa shule za Northwestern huko Minneapolis, nafasi aliyoachiwa na Riley, yule yule mchungaji wa utoto wa Mears. Ulimwengu wao ulikuwa mdogo hivyo. Alikuwa akikabiliwa na mkutano mkubwa mjini Los Angeles wiki chache zijazo, na moyo wake ulikuwa umevurugika. Rafiki yake Charles Templeton, mhubiri kutoka Kanada aliyezunguka naye Ulaya mwaka 1946 na ambaye wengi walimwona kuwa na kipaji kumzidi, alikuwa amekwenda kusoma teolojia Princeton na kurudi na maswali: dunia iliumbwaje, Maandiko yaliandikwaje, na mtu aliyesoma anawezaje kuyachukua jinsi yalivyo? Templeton naye alikuwapo kambini juma lile. Walibishana. Templeton alimwambia kwamba imani yake imepitwa na wakati na lugha yake haitasikika.

Usiku mmoja Graham aliingia msituni peke yake, akaiweka Biblia yake juu ya kisiki, akaomba. Alisimulia baadaye kwamba alimwambia Mungu kuwa yako mengi katika kitabu hicho asiyoyaelewa na maswali asiyoweza kuyajibu, lakini kuanzia hapo atakipokea kwa imani kuwa Neno Lake. Mkutano wa Los Angeles ulianza tarehe 25 Septemba katika hema kubwa, ukiwa umepangwa kwa wiki tatu, ukaendelea wiki nane, na watu wapatao 350,000 walihudhuria. Magazeti ya nchi nzima yakalibeba jina la Graham, na halikushuka tena kwa nusu karne. Kambini leo kuna bamba la shaba juu ya jiwe linalokumbuka usiku ule, na watu husafiri kutoka mbali kulitazama, kupiga picha, wengine kupiga magoti.

Mahali penyewe panafaa kutembelewa, tena bila haraka, ikiwezekana jioni watoto wakiwa kwenye michezo. Hata hivyo, nina ushauri kwa anayekwenda: asisimame pale akimkumbuka mtu mmoja tu. Templeton aliondoka katika mkutano huohuo akiwa na maswali yaleyale. Mwaka 1957 aliacha utumishi, akajitangaza kuwa hajui kama Mungu yuko, akawa mwandishi wa habari na mtangazaji maarufu Kanada, na kufariki mwaka 2001. Urafiki wake na Graham haukufa. Mzazi anayempeleka kijana wake kwenye kambi ambayo mafundisho yake yanaelekea kwenye usiku wa uamuzi anapaswa kujua kwamba usiku wa namna hiyo haumlazimishi mtu kufika upande mmoja, na kwamba kijana mwenye maswali ya Templeton anahitaji mlezi wa kukaa naye baada ya moto kuzimika. Mears alilijua jambo hilo. Kwa Vonette alitumia saa nyingi kibandani, wala hakutegemea ukumbi na kinanda. Hili ndilo ningelitumia kuipima wiki yoyote ya kambi, iwe hapa au kwenye makongamano yetu: je, walezi ni wangapi kwa kila kikundi, wamefunzwa nini, na wanaendelea kuwasiliana na kijana na kanisa lake akisharudi nyumbani, kwa utaratibu ambao mzazi anaujua?

Graham mwenyewe hakumsahau Mwalimu. Aliandika kwamba, ukiacha mama yake na mke wake, hakuna mwanamke aliyemwathiri zaidi yake. Ni katika nyumba ya Mears pia alikokutana mwaka 1949 na Stuart Hamblen, mtangazaji wa redio na mwimbaji, ambaye kuokoka kwake katikati ya mkutano wa Los Angeles kulichangia kuurefusha. Naye Graham alipofanya ziara ya Afrika mwaka 1960, iliyomfikisha Moshi, Kisumu, Nairobi na Usumbura (Bujumbura ya leo), alihubiri akiishika Biblia mkononi na kurudia maneno yale aliyoyazoea tangu baada ya kisiki: Biblia inasema. Festo Kivengere, mwalimu wa Uganda aliyewahi kufundisha Dodoma na baadaye kuwa askofu wa Kigezi, alikuwa miongoni mwa wakalimani wake katika Afrika Mashariki, na wazee waliomsikia wakati wa Uamsho watakuambia kwamba Kivengere hakuhitaji kukopeshwa moto na mtu yeyote. Ni vyema kulikumbuka hilo, kwa maana historia ya kambi hizi inaposimuliwa Marekani husikika kana kwamba injili ilianzia California. Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa umekwisha kutoka Gahini, Rwanda, na kuenea katika nchi zetu kabla Forest Home haijanunuliwa.

Ziko dalili nyingine za mahali ambazo mgeni anaweza kuzipita. Milima hii ilikuwa, na bado ni, nchi ya Waserrano, jamii ya wenyeji asilia wa Amerika. Mwaka 1962 Bright aliinunua hoteli ya Arrowhead Springs, katika miteremko ya milima hiyohiyo upande wa San Bernardino, ikawa makao makuu ya huduma yake kwa miongo mitatu, na mwaka 2016 jamii ya San Manuel, ambao ni Waserrano, wakainunua na kuirudisha mikononi mwao. Ukishuka kutoka kambini kuelekea San Bernardino, utaiona miteremko hiyo.

Mears alifariki Machi 1963. Yaliyofuata ni ya bodi na wakurugenzi, majengo mapya, wiki zilizoongezeka, na kambi iliyobaki huru bila kumilikiwa na dhehebu moja. Kipindi hicho ni kirefu kuliko miaka aliyoiongoza yeye, lakini kwa mgeni hakina masimulizi mengi, na sidhani hiyo ni aibu. Taasisi nyingi za Kikristo huanguka pale mwanzilishi anapofumba macho, au watoto wake wanapogombea cheo. Hii iliendelea kuoka mikate na kuwafundisha watoto.

Kuhusu gharama, ni huduma ya familia zenye kipato cha kati cha Marekani, na familia yenye watoto watatu inayotuma fedha nyumbani kila mwezi itaihisi. Ada ya mapema huwa nafuu kuliko ya dakika za mwisho, na wazazi wasione haya kuuliza kuhusu msaada wa ada, iwe kwa kambi yenyewe au kwa kanisa lao, kwa kuwa makanisa mengi ya Marekani hutenga fungu kwa ajili hiyo na mara nyingine halina wa kuliomba. Kwa mtoto aliyezaliwa huku Marekani, ambaye Kiswahili chake ni cha kujibu simu ya bibi, wiki ya kambi humpa marafiki na milima. Lakini atafundishwa kwa namna ya Kimarekani, kwa nyimbo za Kimarekani, na itabidi mzazi amweleze nyumbani jinsi imani hiyohiyo inavyoimbwa kwetu.

Nikiambiwa nichague huduma moja ya kuipendekeza kwa wasomaji wa Kiswahili, nitaichagua kambi ya familia, ambapo baba na mama husikia yale mtoto anayosikia, na huweza kubishana nayo mezani usiku. Kwa usharika au parokia yenye fedha ya kuwapeleka watu wachache tu, ningeshauri wapelekwe walimu wa shule ya Jumapili, wakiwamo wanawake ambao kwa kawaida hubaki nyuma kupika wakati vijana wanapopanda basi. Wapewe siku mbili au tatu mlimani nje ya msimu wa watoto, nafasi zikiwa tulivu, na wapange wenyewe masomo yao ya mwaka mzima. Uandikishaji wa kiangazi hufunguliwa miezi mingi kabla, na wiki za familia hujaa mapema, kwa hiyo anayekusudia kwenda Julai asisubiri shule zifungwe ndipo aanze kutafuta nafasi.